Mvuke wa Kwanza

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi funguo za chumba cha mvuke cha hospitali hapa Moroni. Vijana watatu niliowaachia chumba hicho waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, nami nikawajibu kwamba mtu asiyejua kuandika haombwi kuandika. Wakaniambia kuwa nina mjukuu anayesoma shule. Hilo sikuweza kulikanusha, na ndiyo sababu leo Hadija ameketi mbele yangu na daftari lake. Nimemwonya mapema: aandike ninayoyasema, asiyapambe, na nikinyamaza asidhani nimesinzia.

Ninasema kwa Kiswahili, lugha ya mama yangu aliyelelewa Unguja. Kati ya vijana hao mmoja ni wa Ngazidja na wawili ni wa Nzwani. Nikichagua lugha ya upande mmoja, upande wa pili utasoma makosa yangu badala ya kusoma maneno yangu.

Mishahara na vyeo sitavitaja. Mwenye kutaka kuvijua na akaulize ofisini, wala hatachoka kusoma, maana ni vichache. Miaka yangu mingi ya Moroni nayo haina hadithi: shashi za kufungia vidonda ziliingia chunguni zikatoka, vidonda vikakauka, wagonjwa wakarudi makwao bila kujua kwamba nipo duniani. Katika kazi yetu hiyo ndiyo sifa, na anayetaka sifa nyingine na awe mwimbaji. Nitakayoyaeleza ni ya mwanzo kabisa, ya mji wa Mutsamudu huko Nzwani, nilipofanya kosa ambalo ni lazima mlijue.

Mimi ni mtu wa Ikoni, Ngazidja. Sikutiwa shule, kwa kuwa marehemu baba alihitaji mikono yangu kuliko akili yangu. Nilipopata ndevu za kwanza, mjomba alinichukua kisiwa cha Nzwani, kwenye kiwanda cha kupika maua ya mlangilangi ili kutoa mafuta ya manukato. Huko ndiko nilikolelewa kikazi. Fundi wangu aliitwa Mdahoma, mtu mfupi mwenye sikio moja lililoungua, na sikio hilo hilo ndilo alilolitumia kusikiliza chungu. Alinifundisha kujua moto kwa sauti ya maji, kujua mvuke kwa mkono uliowekwa mbali kidogo na shaba, na kuziba kila mwanya wa kifuniko kwa udongo mlaini kabla kuni hazijawashwa.

Jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa hili: mvuke wa kwanza ndio bora. Maua yakianza kupata moto, kinachopanda mwanzo ndicho kinachobeba roho yake. Mafuta ya saa ya kwanza huwekwa katika chupa ya peke yake na husafirishwa mbali. Ya saa za baadaye ni mafuta tu, na ya mwisho hutiwa katika sabuni. Kijana aliyeacha mwanya ukavuja mwanzoni mwa moto alipigwa kwa ufagio, na hakulalamika, maana alijua amepoteza nini. Mimi nilipigwa mara mbili, na mara ya tatu haikuwapo. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa, nikaoa Mutsamudu, na kwa desturi ya visiwa vyetu nikaingia katika nyumba ya mke wangu Mariama, mtaa wa Hombo, chini ya macho ya mama yake, Bi Sitti.

Wakati huo palikuwa na nyumba ya upasuaji juu kidogo ya mji, yenye vitanda kumi na viwili. Msiitafute, leo ni ghala. Daktari wake, Mfaransa mrefu aliyezoea kula akiwa amesimama, aliletewa chungu kipya cha mvuke, kile tunachokiita otoklavu, na akatafuta mtu wa kukiendesha. Akauliza mjini ni nani anayejua shaba, maji na moto. Kila aliyeulizwa alimwelekeza kwa wapika maua. Mdahoma alikataa kwa kuwa ni mzee, akanisukuma mimi.

Nilipelekwa kwanza Moroni miezi mitatu kujifunza. Nikalala kwa shangazi yangu, mtaa wa Badjanani, nyumba ya tatu kutoka Msikiti wa Ijumaa wa kale, na kila alfajiri nikitoka msikitini nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Echati.

Bi Echati alikuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali. Alisomea Bukini, yaani Madagaska, alivaa viatu visivyotoa sauti, na hakupata kunisifu hata siku moja. Siku ya kwanza alinitazama mikono, akanipa brashi, akaniamuru nisugue kucha mpaka atakaponiambia niache. Kisha akaingia chumba cha wagonjwa akafanya kazi zake zote. Aliporudi jua lilikuwa limepanda, na mimi bado nasugua.

"Sasa zimeanza kuwa safi," akasema. "Mpika maua, hapa hutauona adui unayempika. Kule ulikuwa na pua. Hapa pua haitakusaidia."

Alinieleza habari za vijidudu kwa namna ambayo hata mtu wa aina yangu aliweza kuishika. Wapo walio laini, wanaokufa maji yakichemka. Wapo wenye gamba, wanaojikunja ndani yake kama konokono na kukaa katika maji yanayochemka wakisubiri yapoe. Wa kwanza tunawaua kwa kuchemsha. Wa pili hawafi ila kwa mvuke uliobanwa, ambao ni moto zaidi ya maji yoyote yachemkayo. Wengine hatuwaui, tunawazuia tu wasizaane: kwa chumvi, kama samaki anavyokaushwa, kwa jua, kwa iodini juu ya ngozi, kwa dawa ya karboliki sakafuni. Alinikataza kuchanganya mambo haya mawili. Aliyezuiwa, alisema, bado yuko hai, na anangoja usahau.

Nilijifunza kuchemsha visu na makoleo, na kuanza kuhesabu muda pale maji yanapotokota, si pale vyombo vinapotumbukizwa. Nilijifunza kunoa sindano juu ya jiwe la mafuta, kwa kuwa siku hizo sindano moja ilichoma nusu ya mji. Nilijifunza kujaza glavu maji ili kutafuta tundu, kuziba tundu kwa kiraka na kuzipaka poda. Nilijifunza kukunja shashi nyuzi zake zikiwa ndani, kuzipanga bila kuzishindilia katika makopo ya duara yenye matundu ubavuni, kufungua matundu hayo kopo linapoingia chunguni na kuyafunga mara linapotoka. Vijana wa leo mnazishindilia shashi kama mtu anayefunga safari ya Hija. Mvuke hauna mikono, haupiti mlikoshindilia.

Chungu cha mvuke cha Moroni alikiendesha yeye mwenyewe. Alikifunga kwa skrubu sita, akawasha moto, akaacha koki ya juu ya kifuniko wazi. Koki ikaanza kupumua, kisha kupiga mluzi, kisha kumwaga mvuke mweupe juu ya vichwa vyetu kwa muda mrefu, na yeye amekunja mikono anautazama. Baadaye ndipo alipoifunga, akangoja mshale wa saa ya mvuke, kile kipimo cha nguvu ya mvuke uliobanwa, ufike kwenye alama. Aliniambia niache koki wazi mpaka mvuke utoke vizuri. Hakunieleza sababu, na mimi sikuuliza. Moyoni nilimhukumu kuwa ni mwanamke mfujaji, asiyejua thamani ya mvuke. Hadija, andika hilo kama nilivyolisema.

Nikarudi Mutsamudu. Chungu kilikuwa cha shaba, kinene, kizuri, na nilipokigusa kwa mara ya kwanza nilihisi nimekutana na jamaa. Kwa kuwa sisomi, daktari aliweka mstari wa rangi nyekundu kwenye saa ya mvuke: mshale ufike hapo, ukae hapo mpaka mshale mrefu wa saa ya ukutani uzunguke nusu duara. Nilitii amri hizo kwa ukamilifu. Lakini koki niliifunga mara tu iliposikika kupiga mluzi. Nilikuwa nimepigwa kwa ufagio kwa ajili ya mvuke wa kwanza. Sikuweza kusimama nikiutazama ukipotea hewani. Tena mshale ulipanda upesi zaidi, na kuni zilitumika chache kuliko za Moroni. Daktari aliniona nahifadhi kuni akanisifu mbele ya watu. Sikumpinga.

Mwezi wa pili vidonda vikaanza kuoza.

Wa kwanza alikuwa seremala mmoja, Bakari, aliyepasuliwa ngiri. Siku ya nne alipata homa, na bendeji yake ilipofunguliwa usaha ulitoka chini ya nyuzi. Wa pili alikuwa mwanamke aliyeondolewa uvimbe begani. Wa tatu alikuwa mwalimu wa Kurani, Fundi Saidi, naye wa ngiri. Hakufa hata mmoja, Alhamdulillahi, lakini Bakari alikaa siku nyingi akizungumza na watu wasiokuwapo chumbani, na mkewe akaanza kuulizia sanda.

Daktari alimtafuta mwenye kosa kila mahali. Aliwalaumu nzi, zikawekwa nyavu madirishani. Aliilaumu sakafu, ikasuguliwa kwa karboliki mpaka wagonjwa wakalia machozi. Aliwalaumu ndugu waliokuja na majani yao ya dawa, akazuia watu kuingia, na mji mzima ukanuna, kwa kuwa kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni sawa na mtu aliyetupwa. Alijilaumu yeye mwenyewe, akaosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Chungu hakukilaumu. Kila asubuhi aliitazama saa ya mvuke, akaukuta mshale juu ya mstari mwekundu, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Na mimi niliridhika naye.

Basi ikawa katika siku hizo hizo Mariama, mke wangu, anakaribia kujifungua. Alikwisha kuzaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alifia njiani, kwa kuwa nyonga zake zilikuwa nyembamba. Daktari alimpima akasema waziwazi kwamba safari hii hatangoja uchungu. Atampasua siku ya Alhamisi na kumtoa mtoto kwa tumbo. Akaagiza Bi Echati aletwe kutoka Moroni kumsaidia, akafika kwa meli Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, Bi Sitti aliniita uani. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuzungumza nami ana kwa ana. Kwa desturi na kwa tabia yake alizungumza nami kupitia kwa mke wangu. Siku hiyo alivuta kigoda akaketi mbele yangu.

"Baba," akasema, maana aliniita hivyo kwa heshima, "Bakari seremala ameoza. Fundi Saidi ameoza. Binti wa watu begani ameoza. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Na vitambaa wanavyotiwa tumboni, anayevipika ni wewe."

Nikasema ni mimi.

"Nimepika wali tangu sijaolewa. Nikifunua sufuria najua kama umeiva au haujaiva. Sasa niambie wewe, unajuaje kama vile vimeiva?"

Nilimweleza habari ya mshale na mstari mwekundu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni habari ya sufuria," akasema. "Mimi nimekuuliza habari ya wali."

Mtu mzima, mwenye kazi ya kuaminiwa, niliondoka uani nikiwa natazama vidole vya miguu yangu. Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele, na vitambaa vitakavyoingia tumboni mwa mke wangu vilikuwa tayari katika makopo, vimepikwa kwa mkono wangu.

Jumanne alfajiri nilimngoja Bi Echati mlangoni. Nilimpa swali lile kama nilivyopewa, bila kusema limetoka kwa nani. Alinitazama, na nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akikaribia kufurahishwa nami.

"Swali hilo lilipasa kuulizwa miezi miwili iliyopita," akasema, "na mtu wa kuliuliza nilikuwa mimi."

Akafungua kabati la dawa, akatoa kopo la salfa, ule unga wa manjano tuliowapaka wenye upele. Akautia kidogo katika kichupa chembamba cha kioo, akakiziba kwa pamba. Alinieleza kwamba unga huu hauyeyuki kwa moto wa maji yanayochemka. Unataka moto zaidi ya huo, ule ule unaowaua wenye gamba. Ukiyeyuka, shashi zimeiva. Usipoyeyuka, mshale ni muongo. Akakizika kichupa katikati ya kopo la shashi, akaniambia nipike kama ninavyopika siku zote, naye akaenda kuwatazama wagonjwa.

Nikapika kama siku zote. Mshale ukafika kwenye mstari, nikalinda muda mpaka ulipotimia, nikaacha chungu kipoe, nikafungua. Bi Echati akaja, akachimbua shashi kwa koleo, akakitoa kichupa na kukitikisa mbele ya dirisha.

Unga ulikuwa unga. Ulicheza ndani ya kioo kama mchanga mkavu.

Bi Echati alirudisha kichupa mahali pake na kuniamuru nianze upya, safari hii yeye akiwa amesimama ubavuni mwangu. Nikafunga skrubu sita. Nikachochea moto. Koki ikapumua, ikapiga mluzi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuifunga. Kabla haujafika, alinishika kifundo.

"Kwa nini unaifunga?"

"Mvuke wa kwanza ndio bora," nikasema. "Ukiupoteza, umepoteza kazi."

Alikuwa bado ameushika mkono wangu, na koki inapiga kelele juu yetu.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Fundi wangu. Katika maua."

"Katika maua ni kweli," akasema polepole. "Hapa, hiki kinachotoka mwanzo si mvuke. Ni hewa. Chungu kilikuwa kimejaa hewa kabla hujakiwasha, na hewa ni baridi na nzito, inajificha katikati ya shashi. Ukiifungia ndani, inabanwa pamoja na mvuke, na mshale unapanda kwa sababu ya hewa kama unavyopanda kwa sababu ya mvuke. Mshale haujui tofauti. Vijidudu wanaijua."

Tukaiacha koki wazi. Mluzi ukageuka, ukawa sauti moja nzito isiyokatika, na mvuke ukasimama wima kama mkuki. Ndipo aliponiachia mkono, akasema nifunge. Muda ulipotimia na chungu kilipopoa, kichupa kilitoka kikiwa na donge moja la manjano lililoshikamana na kioo. Nilikitikisa. Halikusogea.

Sasa nitasema jambo ambalo nimelibeba muda mrefu, na ninalisema kwa kuwa mmoja wenu siku moja atajikuta mahali hapo. Nilimwomba Bi Echati tusimwambie mtu. Kosa limejulikana, nikasema, na halitarudiwa. Kuna faida gani kulitangaza? Nikiondolewa kazini leo, ni nani atakayempikia Mariama vitambaa Alhamisi?

"Utampikia wewe," akajibu, "kwa kuwa kuanzia leo hakuna mtu katika kisiwa hiki atakayeiogopa koki hiyo kuliko wewe. Lakini kuna makopo kumi na moja kabatini, na daktari anayaamini yote. Nenda ukamwambie. Mimi nitafasiri, wala sitapunguza neno."

Nilimwambia. Alikuwa anakula mkate, amesimama. Nilipofika kwenye habari ya mvuke wa kwanza aliuweka mkate chini. Akaniuliza ni tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Akaenda dirishani, akatazama nje, kisha akasema jambo ambalo Bi Echati alilifasiri bila kubadili sauti: kwamba kila asubuhi kwa miezi miwili yeye aliitazama saa ya mvuke, mtu aliyesoma, na hata mara moja hakuweka kichupa, na kwamba tutagawana kosa hili, lakini kazi ya kulisafisha ataniachia mimi yote.

Jumanne hiyo na Jumatano nilipika makopo yote kumi na moja, na katika kila kopo kichupa chake. Kuni zile nilizosifiwa kwa kuzihifadhi zilikwisha zote, nikaazima nyingine kwa waoka mikate. Kati ya chungu na chungu, Bi Echati alinituma kwa wagonjwa watatu. Yule mwanamke alisikiliza akageukia ukutani, na nilimpa haki yake. Fundi Saidi alinikemea kwa ufasaha, kuanzia aya mpaka hadithi, kisha akanipa radhi, kisha akanikemea tena. Bakari seremala, ambaye homa yake ilikuwa imeanza kushuka, alitaka nimweleze mara mbili.

"Kumbe nimeoza kwa sababu ya manukato," akasema. "Mke wangu hataamini. Atasema manukato hayo yalikuwa ya nani."

Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya rundo la kuni. Kucheka kwake kulinishinda kuliko kemeo lote la Fundi Saidi.

Jumatano jioni nilirudi nyumbani, nikamtafuta Bi Sitti. Nilimwambia yote, nimesimama, yeye ameketi. Nilimwambia ni mimi niliyewaozesha. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: vya kesho je? Nikatoa mfukoni kichupa cha kopo la Mariama, nikampa. Akakigeuza juu chini mara nyingi, akatazama lile donge lisilosogea, akanirudishia. Akaingia ndani kwa binti yake bila kunipa neno lolote, zuri wala baya.

Alhamisi walimpasua. Sikuwa na ruhusa ya kuingia chumba cha upasuaji. Niliketi kando ya chungu changu, ambacho hakikuwa na kazi siku hiyo, nikakisugua. Nikasikia visu vikiwekwa katika beseni. Nikasikia daktari akisema neno moja, na Bi Echati akijibu. Kisha nikasikia mtoto. Alikuwa wa kiume, akalia kama mtu aliyedhulumiwa, na mimi nikaendelea kusugua shaba ile ile mahali pale pale, kwa kuwa furaha yangu haikuwa imepewa ruhusa bado. Bakari naye aliamka vizuri siku ya kwanza. Vidonda vyetu vilioza siku ya nne.

Siku ya tatu Mariama alipata joto. Nilimwona Bi Echati akimshika shingo, nikajua habari kabla ya kuambiwa. Sikula. Jioni akatambua kuwa ni maziwa yaliyojaa, si kidonda, na mtoto aliponyonya joto likashuka. Siku ya nne ikapita. Siku ya tano. Bakari alikuwa amekwisha kuketi kitandani akinipigia kelele kila nilipopita mlangoni, akiuliza leo nimepika maua gani. Kila nilipoinua kopo kutoka chunguni nilitafuta kichupa kabla ya kuvuta pumzi, na nyumbani nililala nimeegemea ukuta, nikiamka kwa kila sauti.

Siku ya nane ndiyo siku ya kutoa nyuzi. Daktari alikuwepo, lakini Bi Echati alimwomba angoje kidogo. Akamwita Bi Sitti asogee karibu na kitanda, akasema mwenye haki ya kutazama kwanza ni yeye. Akaloanisha shashi, akaibandua polepole. Mimi nilikuwa mlangoni, ambapo sikuweza kuona kitu ila mgongo wa mama mkwe wangu. Niliuona mgongo huo ukiinama. Akakaa ameinama, akachunguza mstari wote tangu mwanzo mpaka mwisho kama anavyochunguza mshono wa kanzu kabla ya kuilipia. Akaweka pua karibu. Akagusa pembeni kwa ncha ya kidole kilichokwisha kuoshwa.

"Pakavu," akasema.

Mariama akauliza kama ni kweli, na daktari, asiyejua lugha yetu, akaelewa akatabasamu. Bi Sitti akajifunga vizuri shiromani yake, nguo ya kujitanda, akapita mbele ya watu wote mpaka mlangoni, akasimama mbele yangu. Alinitazama macho mekundu, mikono iliyoungua, shati nililolivaa tangu Jumatatu.

"Nenda ukalale, mwanangu," akasema.

Nilifika nyumbani sijui kwa njia ipi. Nililala tangu asubuhi hiyo mpaka adhana ya alfajiri ya siku ya pili, na sala zote zilizonipita nikazilipa baadaye. Nilikuja kuambiwa kwamba jirani alipobisha hodi mchana kuja kutoa pongezi za mtoto, Bi Sitti alimkuta mlangoni na kumrudisha. Alimwambia arudi kesho, na akitembea uani atembee taratibu, kwa kuwa mwanawe amelala.